Mfereji Niliouweka Akiba

Jambo lote liligharimu mayai kumi na mawili, kurasa nne zilizopigwa chapa, na nafasi ya hatua tano kwa mbili kando ya lango la shule ya msingi. Nimehesabu mara mbili. Mara ya kwanza nilisahau beseni la plastiki, lakini beseni tulipewa, hatukulitoa, na mpaka leo sijui niliweke upande gani.

Nilikuwa nimeikalia hesabu hiyo kimya mpaka tulipomzika Dani. Dani ni nyanya, kwa wasiojua Kijaluo. Mama mzazi wa mama yangu, aliyenilea Homa Bay tangu nikiwa na miaka sita. Siku ya tatu baada ya mazishi, wanawake wa ukoo walifungua sanduku lake la bati ili wagawane nguo. Mlikuwa na gauni lake jeupe la kanisani, Biblia iliyoachana na jalada lake, na kitambaa kilichokunjwa mara nne. Kitambaa hicho nilikijua kabla sijakigusa. Kilinuka moshi wa kuni na maharagwe yaliyochemka asubuhi nzima, harufu ambayo ningeapa ilikufa zamani. Ndicho kilichofunika sufuria yake ya nyoyo, yale mahindi na maharagwe yanayopikwa pamoja. Nilipokikunjua nikakuta karatasi zangu nne, zimelainika kama noti ya zamani.

Mimi nauza viatu vya mitumba Migori mjini. Pua yangu imezoea dawa ya marobota na gundi ya fundi. Harufu ndogo hainiyumbishi. Siku ile niliketi pale pale sakafuni, na shangazi mmoja akauliza kama nimeumwa na siafu.

Kule Homa Bay watu waliniita nyar Migori, binti wa Migori, kwa sababu baba yangu alikuwa mtu wa huku. Sasa niko huku na wateja wananiita nyar Homa Bay. Nimezoea kuwa wa upande mwingine. Pengine ndiyo sababu, nilipokuwa darasa la nane na nikapewa upande wa kuandikia, sikuona ubaya wa upande wowote.

Langoni mwa shule yetu palikuwa na wauzaji watatu. Kulikuwa na Min Owuor, yaani mama yake Owuor, aliyeuza mandazi na kucheka kabla hujamaliza kusema. Kulikuwa na mzee mmoja wa miwa ambaye hakupenda maneno. Katikati yao alikaa Dani na sufuria yake, kwenye zile hatua tano kwa mbili nilizozipima mwenyewe. Unga wetu, mafuta ya taa, sare yangu, na sekondari niliyokuwa nikiisubiri mwaka uliofuata, vyote vilipitia kwanza kwenye ile sufuria.

Na hili lieleweke mapema, maana bila hilo mengine hayana kichwa wala miguu: Dani hakuwahi kutaja bei aliyoitaka. Mtu mzima akija, alitaja ya juu. Mteja alishika kiuno, akaangalia mbinguni, akataja ya chini. Wakasogeleana polepole mpaka wakakutana mahali ambapo wote wawili tangu mwanzo walijua watakutana. Bei ya kwanza ilikuwa kama kubisha hodi. Hakuna anayebisha hodi akidhani mlango utaangukia ndani. Nilikua nikiamini kwamba watu wazima wote duniani, kuanzia muuza samaki mpaka rais, huzungumza hivyo: unasema kubwa, unapunguziwa, mnakutana katikati, mnacheka, mnaagana.

Mwalimu Chacha alikuja kwetu kufanya mazoezi ya kufundisha. Alikuwa kijana kutoka Kegonga, upande wa Wakuria, na Kijaluo hakukijua hata neno. Ilibidi yeye na Dani waelewane kwa Kiswahili, na Kiswahili cha Dani kilikuwa cha sokoni.

"Mwalimu, leo unataka ya ngapi?"

"Ya kawaida, mama. Lakini jana kijiko kilijaa zaidi."

"Jana ulikuwa na njaa. Macho ya njaa inaona kijiko kubwa."

"Ongeza kidogo basi."

"Ongeza wewe kwanza, mimi nifuate."

Alipata nusu kijiko zaidi, kila siku, na kila siku wote wawili walijifanya ni ajali.

Mwalimu huyu ndiye aliyetuambia kwamba tutaandika karatasi ya utafiti ya kushawishi, kwa Kiingereza, kama wanavyoandika chuoni. Walimu wenzake walimcheka. Darasa la nane na utafiti wapi na wapi. Yeye akasema ni rahisi. Unachukua swali. Unaenda kuangalia kwa macho yako, unahesabu, unauliza watu, halafu unaandika kwa namna ambayo msomaji akimaliza hawezi kubaki kwenye kiti chake. Akaandika ubaoni maneno matatu ya Kigiriki, akaona nyuso zetu, akayafuta. Badala yake akaandika kwa Kiswahili: *Wakuamini. Waumie. Wahesabu.*

Nilikaribia kucheka. Hayo niliyajua. Dani alifunua sufuria ili mvuke utoke na watu waone kuwa chakula ni cha leo: huko ndiko kuaminiwa. Alitaja mjukuu wake anayetaka kwenda sekondari, akinionyesha kwa kidevu kana kwamba mimi ni kidonda: huko ndiko kuwaumiza. Halafu akawahesabia maharagwe kwenye kijiko. Mwalimu alipotufundisha swali lisilotaka jibu, kurudia neno mara tatu, na kuanza na dai kubwa lisilo na "labda" ndani yake, nilikuwa nimekwisha kufika kabla yake. Dai kubwa. Bila shaka. Ungeanza na dogo ungeshuka wapi?

Maswali aliyaandika kwenye vikaratasi, akayatia ndani ya kofia yake, tukachota. Kila kikaratasi kilikuwa na swali na upande. Cha kwangu kilisema: *Wauzaji wa vyakula waondolewe langoni? Tetea: Ndiyo.* Nilijaribu kukibadilisha na Akoth, binti wa Min Owuor aliyeketi dawati la nyuma yangu, ambaye alichota kupanda miti. Akataka kikaratasi changu na penseli mbili juu yake. Nikasema moja. Akakataa kabisa, nikabaki nacho. Penseli moja, jamani. Hiyo nayo ningeweza kuiweka kwenye gharama.

Dani nilimwambia kwamba ninaandika juu ya lango. Upande sikumtajia, naye hakuuliza. Hakujua kuwa karatasi zina upande. Alifurahi kama mtu aliyeletewa mpiga picha. Nilikaa pale siku tatu na daftari. Nilihesabu wateja. Nilihesabu mara ambazo Min Owuor alijipangusa mikono kwenye leso yake. Nilihesabu nzi: mara ya kwanza kumi na tisa, mara ya pili ishirini na mmoja. Nikaandika ishirini na mmoja.

Halafu nikamhoji Dani. Nyumbani tuliongea Kijaluo, na ndicho ninachokitafsiri mahali pengine humu, lakini siku ile, kwa kuwa ni utafiti, alikaa wima na kunijibu kwa Kiswahili, kama mtu aliyeitwa na chifu.

"Unaosha sahani namna gani?" nikauliza.

"Unataka ile ya mwalimu ama ile ya ukweli?"

"Ya ukweli, Dani. Ni utafiti."

"Basi andika. Niko na karai moja. Asubuhi maji iko safi. Saa nne inakaa kama chai. Saa saba inakaa kama chai ya maziwa."

"Sema na sukari!" Min Owuor akadakia.

"Wewe nyamaza, mkono yako iko na mafuta tangu Krismasi." Akanigeukia tena, na sauti yake ikashuka. "Lakini andika hii pia, nyakwara. Hiyo maji natoa ziwa, nabeba na kichwa. Mfereji ya shule iko hapo ndani, hatua kumi tu. Wanafunga na kufuli. Wafungue saa moja tu kwa siku, sisi tutaosha kila sahani. Umeandika?"

Nyakwara ni mjukuu wangu. "Nimeandika," nikasema.

Ni kweli niliandika. Niliandika kwenye ukurasa wa peke yake.

Naomba mnielewe hapa, maana ndipo biashara yote ilipoharibikia. Sikuuficha ule mfereji. Niliuweka akiba. Dai langu lilikuwa: wauzaji wote waondolewe langoni, mara moja, bila kubakiza hata mmoja. Hiyo ilikuwa bei ya juu. Niliona wazi kabisa itakavyokuwa. Karatasi bora ingesomwa siku ya wazazi, mbele ya kamati ya shule. Mwenyekiti angesimama, ashike kiuno, aseme, "Mtoto, hiyo ni kali mno." Nami ningejifanya nafikiri, nitazame mbinguni kidogo, halafu niseme, "Basi, mzee, fungueni mfereji." Wangecheka. Ningecheka. Dani angepata maji hatua kumi kutoka kwenye sufuria yake, na wao wangeondoka wakidhani wameniweza. Nilikuwa na miaka kumi na nne, na sijawahi tena kupanga kitu kwa upendo mwingi kiasi hicho.

Mwalimu Chacha aliisoma rasimu akiwa amesimama. Alifika mahali pa karai, akaniangalia.

"Huyu muuzaji mmoja aliyekiri ni nyanya yako?"

"Ndiyo, mwalimu."

"Na uko sawa na hilo?"

"Ndiyo, mwalimu."

"Haya. Utafiti hauna undugu," akasema, nusu akicheka, nusu akiwa na kitu kingine usoni. "Hoja ya upande wa pili iko wapi? Nilisema lazima iwepo."

"Nitaileta baadaye."

Alidhani namaanisha ukurasa unaofuata. Mimi nilimaanisha siku ya wazazi. Akaweka tiki.

Dani alisisitiza ipigwe chapa. Tulienda kwenye duka la kompyuta mjini na kikapu cha mayai, kwa sababu wiki ile mayai ndiyo yaliyokuwepo. Msichana wa kompyuta alisema kurasa nne ni mayai kumi na tano. Dani alishika kiuno. Akasema kumi. Msichana akasema kuku wanataga bila mshahara lakini yeye halipwi kwa kutaga. Wakakutana kwenye kumi na mawili, na Dani akayapanga mezani mawili mawili, kisha akayahesabu tena kwa kidole. Tukatoka tukicheka. Mnaona? Hata kuichapa karatasi kwenyewe kulinihakikishia kwamba dunia iko vile nilivyoijua.

Siku ya wazazi ilikuwa Ijumaa. Dani aliacha sufuria chini ya ulinzi wa Min Owuor, akavaa lile gauni jeupe la Sabato siku moja kabla ya wakati wake, akakaa safu ya tatu chini ya hema. Nilipoitwa nilipanda jukwaani na kusoma kwa sauti niliyoifanyia mazoezi mbele ya mbuzi. Nilisema: nzi kwenye sahani, nzi kwenye kijiko, nzi kwenye midomo ya watoto wetu. Mara tatu, kama tulivyofundishwa. Niliuliza: je, tungoje mpaka mtoto wa nani augue? Sikutaka jibu na sikupewa. Nilisema muuzaji mmoja amekiri kwa kinywa chake kwamba sahani zote za siku huoshwa kwenye karai moja, na maji hugeuka rangi ya chai. Dani hakujua Kiingereza, lakini neno la sahani alilijua, na neno la maji. Alipoyasikia aliinua kidevu, akawatazama waliokuwa kulia kwake na kushoto kwake, akatikisa kichwa kukubali. Hayo alikuwa ameyasema yeye.

Nilipomaliza sikushuka. Nilibaki pale na mkono mmoja tayari kiunoni.

Mwenyekiti wa kamati alisimama. Alisema kwa Kiingereza, kwa heshima ya mgeni kutoka ofisi ya elimu, kwamba mtoto amewaaibisha. Wamepita lango hilo miaka na miaka na hawakuona alichoona mtoto. Akamgeukia mwalimu mkuu, akamwomba aandike barua. Akauliza kama kuna anayepinga.

Nikangoja. Nilitazama uso mmoja mmoja. Nilikuwa na ukurasa wa mfereji umekunjwa ndani ya soksi yangu, tayari. Mtu mmoja tu angesema ni kali mno. Hata angeguna.

Wakapiga makofi. Walisimama. Mgeni wa ofisi ya elimu akanipa zawadi ya kwanza, beseni la plastiki la kijani, kubwa, lenye maua ndani.

Nilimkuta Mwalimu Chacha nyuma ya darasa, amenawiri, watu wanampa mkono. Nikamvuta shati.

"Mwalimu, hawajanipunguzia."

"Hawajakupunguzia nini?"

"Bei."

Aliniangalia kama mtu aliyebadilishiwa lugha katikati ya sentensi. Nikaeleza haraka haraka, nikatoa ukurasa kwenye soksi. Aliusoma. Aliusoma mara ya pili, na nikaona furaha ikimtoka usoni.

"Kwa nini hii haimo?"

"Ilikuwa ya mwisho, mwalimu. Ya kukutana katikati."

"Katikati gani?" Aliniuliza kwa upole, na upole ule ndio uliniogopesha. "Ukishaandika, watu wanabeba kama ilivyo. Hakuna anayerudi kukuuliza ya mwisho ni ngapi."

Akaenda ofisini na ukurasa ule. Nilimwona kupitia dirishani akiongea kwa mikono yote miwili, na mwalimu mkuu akiitikia huku akimmiminia mgeni soda. Alitoka mikono mitupu. "Wamesema wataangalia," akaniambia. Sikusikia tena lolote kuhusu mfereji. Muhula ulipoisha Mwalimu Chacha alirudi kwao Kegonga. Siku zote ambazo Dani alibaki langoni, alinunua nyoyo bila kuomba nyongeza, na Dani akadhani anaumwa.

Lakini kabla ya hapo kulikuwa na njia ya kwenda nyumbani Ijumaa ile. Dani alijitwika beseni, likiwa limefunikwa kichwani kama kofia ya askofu.

"Makofi yalikuwa mengi," akasema. "Nimehesabu waliosimama. Kumi na mmoja. Ulisema nini, nyakwara?"

Niliangalia ziwa. Lilikuwa tambarare, halina msaada.

"Nilisema wafungue mfereji."

Alisimama katikati ya njia. "Mbele ya mwenyekiti?"

"Ndiyo, Dani."

Aliliondoa beseni kichwani, akalitazama ndani, akalirudisha. Njia yote iliyobaki aliimba wimbo wa kanisani, sauti ya pili, ile anayoimba mtu asiyehitaji wengine waimbe ya kwanza.

Jumatatu beseni lilikuwa langoni, kando ya karai. Aliniita saa ya mapumziko ili nione. "Hapa kuosha. Hapa kusuuza. Sasa ni mara mbili." Halafu kwa Kiswahili chake cha utafiti: "Andika hiyo pia."

Beseni lilifanya kazi langoni siku tisa. Nimezihesabu mara mbili na hazifiki kumi. Barua ilipokuja, mlinzi aliwasomea wauzaji huku akitazama viatu vyake, kwa sababu naye alikuwa mlaji wa nyoyo. Mzee wa miwa alifunga mzigo wake bila neno. Min Owuor ndiye aliyesema, na safari hii hakucheka kwanza.

"Nani ametuuza?"

"Hakuna aliyetuuza," Dani akajibu. "Huyu mtoto alituombea maji mbele ya wakubwa. Wakaona tumezoea sana, wakakasirika. Msimguse." Akaweka mkono wake juu ya kichwa changu. Ulikuwa na joto la sufuria. Min Owuor alifungua mdomo, akaniangalia muda mrefu, akaufunga. Mimi niliangalia maharagwe.

Baada ya hapo Dani na Min Owuor walienda kuuza ufuoni, mahali mitumbwi inaposhusha samaki. Kila mahali pazuri palikuwa na mwenyewe, kwa hiyo walizunguka. Sufuria ambayo ilikuwa inakaa chini siku nzima sasa ilikaa kichwani siku nzima. Nyoyo ikapoa kabla ya kupata mtu. Magoti yakaanza kulia. Siku za soko Dani alijaribu Kendu Bay, akarudi na nusu ya chakula, tukakila jioni tukikisifu. Sekondari nilifika kidato cha pili, nikaishia hapo, na dada ya baba akaniita Migori nikamsaidie na viatu.

Dani sikumwambia ukweli. Kila nilipokwenda kumwona nilibeba kitu: sukari, shuka, viatu vya ngozi vya saizi yake nilivyovitoa kwenye robota kabla mteja hajaviona. Nilihakikisha mikono imejaa ili mdomo usiombwe kitu. Naye, mgeni yeyote akiwepo, hata muuza maziwa, alinitambulisha namna ile ile: "Huyu ndiye aliyesimama mbele ya wakubwa akatuombea maji." Alisema hivyo mpaka mwaka wake wa mwisho, aliposahau jina langu lakini hakusahau hilo.

Na sasa karatasi zilikuwa mikononi mwangu, kwenye sakafu yake. Nilizihesabu. Nne. Nikahesabu tena, kama mjinga, nikitafuta ukurasa wa tano, ule wa mfereji. Alikuwa amezitunza miaka yote ndani ya kitambaa cha sufuria akiamini mfereji umo humo.

Nilitoka nje kupata hewa. Kwenye benchi la waombolezaji kulikuwa na mwanamke mmoja amebaki, mdogo, mkavu, fimbo mkononi. Alikuwa amekuja kutoka Mbita, anakoishi na binti yake.

"Nyar Migori."

"Min Owuor. Umezeeka vizuri."

"Wacha bei ya juu," akasema. "Nimezeeka tu." Akaelekeza fimbo kwenye karatasi. "Yaliyomo humo mimi niliambiwa."

Nilikaa.

"Akoth wangu alikuwa darasani mwako, umesahau? Aliyasikia yote pale hemani. Jioni ile ile akanitafsiria, neno kwa neno. Nzi ishirini na mmoja." Akacheka bila meno. "Mimi niliona wachache."

"Kumi na tisa," nikasema. "Kwa nini hukumwambia Dani?"

"Siku ya barua nilitaka. Nilifungua mdomo. Yeye akaweka mkono juu ya kichwa chako." Alizungusha fimbo mavumbini. "Tukauza pamoja ufuoni mpaka miguu ikakataa. Kila siku ananiambia, yule mtoto alituombea maji, na mimi nasema, kweli, alituombea. Kila siku. Ni mzigo, nyar Migori. Na mandazi yangu pia yalifukuzwa, unajua."

"Najua."

"Kwa hiyo utakuja Mbita, tuongee." Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu anayekumbusha mteja kwamba duka lake lina saa za kufunga.

Imepita miezi minne. Mbita si mbali. Nimechagua viatu, jozi mbili, vya ngozi, visivyo na kisigino. Nimenunua gunia la unga wa ngano, kisha nikaona aibu, nani anampelekea mama wa miaka ile unga wa mandazi? Maneno yenyewe nimeyapanga mara nyingi, na kila mara nakwama pale pale, mwanzoni. Nikianza na kubwa, nikasema nilimfukuza mimi, nikamdanganyia rafiki yake miaka yote, naye akabeba uongo wangu bila malipo, naogopa atanitazama na asipunguze hata kidogo. Nikianza na dogo, nikasema nilikuwa mtoto, nilidhani watajadiliana nami, nitakuwa nimemtukana mtu aliyeitikia kila siku.

Kwa hiyo nawauliza ninyi wa rika langu, mliowahi kwenda kwa mtu mzima na mikono mitupu mkatoka mmesamehewa, au mmekataliwa lakini mmetoka: ningeingiaje kwa Min Owuor, na neno la kwanza liwe lipi? Naomba tu msinitajie ya juu ili tukutane katikati. Niambieni ya mwisho.